Pedi za breki za nyuma: spana, kabari na laptopu

Leo hakuna Linux. Wanaokuja hapa kutafuta habari za programu watanisamehe, ingawa naahidi kwamba kabla hatujafika mwisho tutakuwa tumechomeka waya kwenye kompyuta na kuipa amri chache. Safari yenyewe lakini inaanza chini ya gari, kwenye gurudumu la nyuma, na ninapoandika haya vidole vyangu bado vina ule weusi wa vumbi la breki ambao sabuni ya kawaida haiutoi. (Changanya sukari na sabuni ya kuoshea vyombo, usugue. Utanishukuru.)

Habari ni kwamba siku hizi sipeleki gari gareji kwa sababu ya pedi za breki. Nazibadilisha mwenyewe nyumbani, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nikiwaambia rafiki zangu wa kazini, swali la kwanza huwa ni lile lile: ninunue vyombo gani? Wanataka orodha, kama vile mtu anavyotaka orodha ya programu za kuweka kwenye kompyuta mpya. Tatizo ni kwamba orodha hubadilika kulingana na gari, na kinachoibadilisha ni kitu ambacho wengi hawakifikirii kabisa: handibreki.

Hebu nieleze. Pedi za mbele ni kazi nyepesi. Unafungua kalipa, unasukuma pistoni irudi ndani, unatoa pedi kuukuu, unaweka mpya, unafunga. Nyuma kuna handibreki, na mhandisi aliyechora gari ilimbidi aamue mapema kama handibreki itatumia pedi zile zile za breki ya mguu au itakuwa na breki yake pembeni. Ukijua aliamua nini, umejua uende dukani kununua nini.

Chukua Subaru Forester, ambayo imejaa barabara zetu. Kwenye Forester zilizozoeleka hapa, zile zenye mkono wa handibreki, ndani ya diski ya nyuma mna dramu ndogo yenye viatu vyake, na hiyo ndiyo handibreki. Kalipa haijui habari zake. Pistoni ya kalipa unaisukuma tu kwa klampu ya kawaida ya seremala, inarudi ndani taratibu, basi. Mwenye Forester ana bahati na hata hajui. Mwenye Probox au Vitz naye hana pedi nyuma, ana dramu kubwa, na dramu ni hadithi nyingine yenye springi za kukurukia usoni, kwa hiyo leo naipita.

Gari langu ni Golf ya kizazi cha tano, ya mwaka 2006. Hapo handibreki hutumia pedi zile zile. Nitakaa kwenye gari hili kwa sababu ndilo ninalolijua mpaka kwenye skrubu, halafu nitahamia kwa gari la shemeji yangu, ambalo ndilo lililoniingiza kwenye mambo ya waya.

Kabla ya vyombo, niseme kwa nini nilianza. Tulikuwa tunajiandaa kwenda mashambani, Nakuru na kuendelea mbele, na nikapeleka gari gareji moja (sitaitaja) likakaguliwe. Nikaambiwa breki ziko sawa, pedi bado nene, nenda salama. Siku chache kabla ya safari nikasikia nyuma kulia sauti kama ya mtu anayekwaruza sufuria kwa jiwe. Nikatoa gurudumu mwenyewe. Pedi ya nje ilikuwa nene kweli, hawakudanganya. Ya ndani ilikuwa imeisha kabisa, limebaki bamba la chuma linalochimba diski.

Na hilo lina sababu. Kalipa ya aina hii huelea: inateleza juu ya pini mbili ili pistoni moja iweze kubana pedi zote mbili. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani, iliyo upande wa pistoni, inafanya kazi ya mbili. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaiona ya nje tu. Aliyekagua alichungulia, akaridhika, akaandika risiti.

Sasa fikiria gari hilo likiteremka Mai Mahiu. Wanaoijua ile barabara ya chini wanajua nisemacho: mteremko mrefu, malori yanatambaa mbele yako, na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 liko pale kando kana kwamba liliwekwa kwa ajili ya kuomba breki zishike. Nyuma ya gari nilikuwa nimepanga kuweka watoto wawili na mama mkwe. Tangu siku hiyo naona kwa macho yangu pedi zote nne za nyuma, za ndani na za nje, mara mbili kwa mwaka. Kuziona hakuhitaji vyombo vingi. Kuzibadilisha ndiko kunakohitaji.

Nianze na vya kukufanya ubaki hai. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi kando ya barabara, na kazi yake inaishia hapo. Kwa kazi hii nina jeki ya magurudumu na stendi mbili za ekseli, zile za miguu mitatu au minne zenye meno ya kupandisha. Jeki inainua, stendi inabeba. Nimeona watu wakibebesha gari kwa mawe, kwa rimu kuukuu, kwa matofali. Tofali hupasuka bila kubisha hodi. Na kama uwanja wenu ni wa udongo kama wetu ulivyokuwa zamani, tafuta vipande viwili vya mbao pana uweke chini ya stendi ili zisididimie.

Halafu kabari. Hapa ndipo breki za nyuma zinapotofautiana na za mbele kwa namna ambayo inaweza kukuua. Ukifanya kazi mbele, handibreki imevutwa na magurudumu ya nyuma yamekaa imara. Ukifanya kazi nyuma, ni lazima uachilie handibreki, la sivyo kalipa haifunguki. Yaani umeinua magurudumu ya nyuma hewani na pia umeondoa kile ambacho huwa kinalizuia gari. Kinachobaki ni magurudumu ya mbele, kwa hiyo weka gia (au P kama ni otomatiki) na kila gurudumu la mbele lipate kabari mbili, mbele na nyuma yake. Zangu nilichongewa na seremala wa mtaani kutoka kwenye mabaki ya mbao ngumu. Ndicho chombo rahisi kuliko vyote kwenye sanduku langu na ndicho cha kwanza kutoka.

Bolti za magurudumu za Golf ni za milimita 17. Zilegeze gari likiwa bado chini, si hewani, maana hewani utakuwa unatikisa gari zima juu ya jeki. Kalipa yenyewe imeshikwa na bolti mbili zenye kichwa cha 13, na nyuma ya kila bolti kuna pini inayotaka kuzunguka pamoja nayo. Pini hiyo unaizuia kwa spana ya 15, na lazima iwe spana nyembamba. Spana nene ya kawaida haiingii kwenye ule mwanya. Wengine hupeleka spana ya bei nafuu kwenye mashine ya kusagia wakaipunguza unene, na hilo ni wazo zuri kuliko kulazimisha koleo. Bolti hizo mbili zina dawa ya kushikilia nyuzi, na kanuni ni kuweka mpya kila mara. Seti nzuri ya pedi huja nazo ndani ya boksi. Ukifungua boksi usizione, uliza dukani kabla hujalipa.

Kama diski nazo zimeisha, kazi inaongezeka, kwa sababu itabidi utoe na bamba linaloshikilia kalipa. Bolti zake zina tundu lenye ncha kumi na mbili, ukubwa wa 14, na kwa macho ya haraka linafanana na tundu la ufunguo wa Allen. Ufunguo wa Allen utaingia, utashika kidogo, kisha utasaga zile ncha zote na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya siku nzima na mtu wa kuchomelea. Nunua kichwa chake halisi. Unene wa chini kabisa wa diski huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, tafuta herufi MIN TH, kisha pima kwa kalipa ya kupimia (jina moja, vitu viwili tofauti, lugha ina vituko).

Haya, pistoni. Hapa ndipo fundi mzuri hutambulikana.

Kwenye Golf, ndani ya pistoni ya nyuma kuna fimbo yenye nyuzi kama za skrubu. Ukivuta handibreki, kebo inavuta mkono mdogo ulio nyuma ya kalipa, mkono unazungusha kishimo, na fimbo ile inasukuma pistoni. Kadiri pedi zinavyoisha, utaratibu wa ndani unajirefusha wenyewe kidogo kidogo, ndiyo maana handibreki haiwi ndefu kila mwezi. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini maana yake ni kwamba pistoni hairudi kwa kusukumwa. Unatakiwa kuizungusha huku ukiisukuma, kama kufunga kifuniko cha chupa. Mwenye klampu na nguvu za kutosha ataisukuma kwa lazima, na ataua ule utaratibu wa ndani. Breki ya mguu itafanya kazi, handibreki haitashika tena vizuri, na miezi mitatu baadaye utauziwa kalipa mpya bila mtu kukumbuka ni nani aliyeiua.

Chombo cha kuirudishia kinauzwa kwa seti, kwenye sanduku la plastiki: fimbo yenye nyuzi, bamba la kuegemea kwenye kalipa, na visahani vingi vyenye meno mawili ya kuingia kwenye matundu ya uso wa pistoni. Nenda Kirinyaga Road uulize chombo cha kurudishia pistoni za nyuma, wauzaji wanakijua. Hakikisha seti ina fimbo mbili, moja ya kugeukia kulia na nyingine ya kushoto. Golf inageuka kwa mwelekeo wa saa pande zote mbili, ila kuna magari ambayo upande mmoja hugeuka kinyume, na siku moja jirani atakuja na gari kama hilo. Zungusha polepole. Ule mpira wa kuzuia vumbi ulio pembeni mwa pistoni usijikunje pamoja nayo. Ukiona unajipinda, simama, uunyooshe, endelea.

Pistoni inaporudi, inarudisha mafuta ya breki juu kwenye chupa yake kule kwenye injini. Kama mtu aliwahi kuongeza mafuta wakati pedi zimeisha, chupa itafurika. Kwa hiyo chombo kingine ni bomba la sindano kutoka duka la dawa, la kunyonyea yaliyozidi. Tunayaita mafuta lakini si mafuta. Ni kimiminika kinachokula rangi ya gari na kinachonyonya maji kutoka hewani. Hilo la maji ndilo la kuangalia. Kanuni za DOT 4 zinataka kichemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi kikiwa kipya na kikavu, lakini kikishanyonya unyevu kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu wa Mai Mahiu, tofauti hiyo ni tofauti kati ya kanyagio gumu na kanyagio linalozama hadi sakafuni, kwa sababu kimiminika kimechemka na mvuke unabanika. Chupa iliyofunguliwa miaka miwili iliyopita, iliyokaa kabatini ikiwa nusu, mwagilia mbali (si kwenye maua ya mama watoto, lakini).

Vitu vidogo nitavipita haraka. Brashi ya waya kwa kutu pale pedi zinapokaa. Grisi maalumu ya pini za breki, si ile ya kawaida ya bawaba, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha mipira ya breki. Kopo la dawa ya kuoshea breki. Barakoa, na usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu: pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu hayaulizi pedi ni ya mwaka gani. Kisha kipande cha blada, ule mpira wa tyubu wanaofungia mizigo watu wa boda. Kalipa ikitoka, ifunge kwa blada kwenye springi ya gari. Usiiache ininginie kwa bomba lake la mpira hata dakika moja, maana bomba hilo likipasuka ndani hutaliona mpaka siku unalihitaji.

Kuna desturi moja niliyoileta kutoka kazini. Sifungui pande zote mbili kwa wakati mmoja. Namaliza kushoto, ndipo nahamia kulia. Upande ambao haujaguswa ni nakala rudufu: ukisahau kile kibati kidogo kilikaa vipi, unazunguka gari unakwenda kutazama. Pia napiga picha kwa simu kila hatua. Mtu yeyote aliyewahi kufuta saraka bila nakala ataelewa.

Na mwisho wa vyombo vya chuma, spana ya toki, ile inayolia 'klik' ukifikia kipimo. Bolti za kalipa ya Golf hii zinataka Nm 35, ambayo ni kidogo sana kuliko mkono wa mwanamume anayetaka kuonyesha kazi. Bolti za magurudumu zinataka 120. Nimesikia wengi wakisema mkono wao unajua. Mkono unajua, lakini jioni umechoka unajua kitu tofauti na asubuhi.

Ukishafunga, kabla hata ya kuwasha injini, kanyaga breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu. Pistoni ziko mbali na pedi. Ukiondoka bila kufanya hivyo, kanyagio la kwanza litakwenda chini bila kushika kitu na geti liko mita tano mbele yako. Kisha vuta handibreki mara kadhaa, achilia, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama liko huru, na utazame kama ule mkono mdogo nyuma ya kalipa umerudi mpaka mwisho. Siku za kwanza kanyaga kwa upole, vituo vya kadiri, acha pedi na diski zizoeane.

Kwa Golf, basi hiyo ndiyo kazi. Sasa twende kwa shemeji.

Shemeji ana Passat ya mwaka 2008. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2005, na waliokibuni waliondoa mkono wa handibreki wakaweka swichi. Ukibonyeza, mota mbili ndogo zilizofungwa kwenye kalipa za nyuma zinalia kwa sekunde chache, na gari limeshikwa. Ndani ya kalipa, mota inazungusha fimbo, fimbo inasukuma nati, nati inakaa nyuma ya pistoni. Ukitaka kubadilisha pedi, nati lazima irudi nyuma kwanza. Seti yangu ya visahani haina faida hapa. Klampu nayo haina faida, utaishia kuvunja kitu. Anayeweza kuirudisha nati ni mota, mota inasikiliza kompyuta ndogo ya handibreki, na kompyuta hiyo inataka iambiwe kwa lugha yake.

Shemeji alikuwa ameshazunguka kwa mafundi wawili. Mmoja alimwambia aende kwa wenye mashine kubwa. Wa pili ni mzee wa mtaani kwetu, ambaye alianza ufundi enzi za Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria kwenda mashambani, na namheshimu kuliko wahandisi wengi niliowahi kukaa nao kwenye mikutano. Yeye alitazama kalipa, akasugua kidevu, akasema: "Hii naweza kuitoa mota kwa bolti mbili na kuzungusha kwa mkono. Lakini nikiirudisha, kompyuta itajua nimeishika wapi?"

Hilo ni swali la mtaalamu wa mifumo. Wengi wetu tunaoandika programu hatuulizi swali hilo kabla ya kugusa hifadhidata ya mtu. Kuna wanaotoa mota, na kuna wanaoiunganisha moja kwa moja kwa betri na nyaya mbili. Inazunguka, ndiyo, ila haina cha kuiambia isimame, na kompyuta inabaki ikiamini hali ambayo si ya kweli.

Njia safi ni kuzungumza nayo. Chini ya dashibodi kuna soketi ya uchunguzi yenye pini 16. Marekani ililazimisha soketi hiyo, pamoja na kanuni zinazokwenda nayo, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Wengi mna kile kidude cha bei nafuu kinachotumia chipu ya ELM327 au nakala zake (kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo ilifunga shughuli mwaka 2022, nakala zinaendelea kama magugu). Kidude hicho na programu ya kawaida ya simu vitakusomea hitilafu za injini, kwa sababu sheria ilidai kila kiwanda kifungue sehemu ya injini inayohusu moshi. Handibreki haimo kwenye sheria hiyo. Kwa handibreki unahitaji programu inayojua lugha ya ndani ya kiwanda.

Kwa jamii ya magari haya, mimi nilitumia VCDS, ya kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Ross-Tech. Zamani iliitwa VAG-COM. Inafanya kazi kwenye Windows tu, na ndiyo maana ilinibidi kufufua laptopu ya kale iliyokuwa imelala juu ya kabati (nilisema leo hakuna Linux). Kwanza, chaja kwenye betri ya gari, maana mota hizi zikikosa umeme katikati ya kazi utabaki na kalipa nusu wazi. Swichi ya gari imewashwa, handibreki imeachiliwa, kabari ziko mahali pake. Unaingia moduli 53, ambayo ni handibreki. Unachagua mipangilio ya msingi, kundi 007. Mota zinalia, ndefu kuliko kawaida, kisha kimya. Nati zimerudi.

Nilizima swichi, funguo ikakaa mfukoni mwangu. Hii ni sheria yangu mimi: mota inayoweza kubana diski ya chuma inaweza kubana kidole, na sitaki mtoto aketi kwenye kiti cha dereva akabonyeza kitufe kwa kuwa kinang'aa. Baada ya hapo ni kazi ya kawaida, rahisi hata kuliko Golf, kwa kuwa pistoni ya Passat husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Pedi mpya ndani, bolti, toki, kanyagio likanyagwe mpaka ligumu. Kisha kundi 006 kufunga tena, na kundi 010, ambalo hubana na kuachilia mara kadhaa kujipima. Ikimaliza bila hitilafu, kompyuta na chuma vinakubaliana.

Mzee wa gareji alisimama nyuma yangu muda wote huo. Sikumwita afundishwe; alikuja mwenyewe, mikono mgongoni. Mota zilipolia mara ya kwanza aliinama akaweka sikio karibu na gurudumu, na zilipokoma akasema, "Imefika." Sekunde moja baadaye skrini ikasema hivyo hivyo.

Nikikumbuka hilo napata uchungu kidogo. Kenya tunaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8. Maana yake yale yaliyokuwa ya kifahari kule yalikotoka muda mfupi uliopita, yenye swichi ya handibreki, leo yanateremka bandarini Mombasa na kesho yako chini ya mwembe, mbele ya fundi mwenye sanduku la spana. Baadhi ya viwanda vimeweka njia ya kuingia kwenye hali ya matengenezo kwa kubonyeza kanyagio na swichi kwa mpangilio fulani, bila kifaa chochote, na imeandikwa kwenye kitabu cha gereji. Nawapongeza. Wengine wameweka mlango ambao haufunguki bila ufunguo wa kununua. Kule Massachusetts wapiga kura walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, wakairudia mwaka 2020 ili iguse hata taarifa zinazosafirishwa hewani, na Ulaya ilikuwa na kanuni yake tangu mwaka 2007 ya kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo. Sheria hizo ni za huko. Gari likivuka bahari linakuja na kufuli yake, haliji na sheria iliyoilegeza.

Nasema haya nikiwa mtu anayelipwa kuandika programu, na nimekaa kwenye vikao ambamo mtu husema tufunge hiki ili asiyejua asiguse. Mara nyingi ni kwa nia njema. Breki zenyewe ni mfano mzuri wa kitu ambacho asiyejua hapaswi kugusa. Ila kwenye ule uwanja, kati yetu sote, aliyejua zaidi ni yule aliyekosa waya.

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu. Kuna Passat nyingine imeletwa, ya kijani, mwenyewe ni mwalimu na anasafiri kwenda Kitale. Nimempa laptopu na waya. Sina haja ya kumwelekeza mengi, ila nilimwandikia kwenye kipande cha katoni, kwa kalamu nene ili aone bila miwani: 53, kisha 007 kufungua, 006 kufunga, 010 kujaribu. Chini nikaongeza 'chaja kwanza'. Amekipachika ukutani kwa msumari, karibu na kalenda. Laptopu atairudisha Jumapili, ingawa amenitumia ujumbe kuuliza kama inaweza kusoma na gia.